Dhoruba Ikiwakuta Kisiwani: Mazungumzo na Mama Aliye Likizoni na Watoto

Leo tunazungumza na mama, baba, nyanya, shangazi na yeyote yule anayelea mtoto, hasa anayepanga kuvuka bahari pamoja na watoto shule zikifungwa. Huenda mnakwenda Lamu au Wasini. Huenda mmeweka akiba mwaka mzima mpate kwenda Unguja, Mafia, Ngazidja au hata Mauritius. Ni jambo jema, watoto nao wanastahili kupumzika. Lakini je, umewahi kujiuliza utafanya nini tufani ikiwakuta huko, na mtoto wako mmoja bado ananyonya?

Najua kuna atakayesema, "Sisi ni Wakenya, vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska." Kwa kiasi fulani anasema kweli. Kimbunga cha baharini hupata mzunguko wake kutokana na dunia yenyewe kuzunguka, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Lamu iko nyuzi 2 kusini mwa ikweta na Mombasa nyuzi 4, ndiyo maana vimbunga hutukosa mara nyingi. Unguja iko nyuzi 6, na Mafia karibu nyuzi 8. Kwa hivyo mama anayetoka Mombasa kwenda Mafia amejisogeza karibu na njia ya vimbunga, hata kama bahari ni ile ile na wali wa nazi ni ule ule.

Tena tazama kalenda. Msimu wa vimbunga katika upande wetu wa Bahari ya Hindi huanza Novemba hadi Aprili, na wakati mwingine huingia Mei. Likizo za shule nazo ni lini? Desemba na Aprili. Likizo ya Agosti peke yake ndiyo huwa nje ya msimu huo, ingawa Agosti nayo ina upepo wa kusi, na kusi hauchezewi.

Wala si mambo mapya. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu. Tarehe 15 Aprili 1952 kingine kiliupiga mji wa Lindi. Karibu na siku zetu, Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024. Hidaya maana yake zawadi, lakini zawadi hii hakuna aliyeitaka. Feri kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Hapa Kenya Serikali ilipiga marufuku kuogelea, kuvua samaki na safari za baharini zisizo za lazima. Huko Kilwa mvua iliikata barabara ya kwenda Lindi na Mtwara kwa siku kadhaa, magari na abiria wakakwama. Kabla Mei haijaisha, kimbunga kingine, Ialy, kikapita baharini mbele ya pwani yetu ya Kenya na kutuletea upepo mkali na mawimbi makubwa.

Sasa nisikilize vizuri mama, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Upepo wa kimbunga unatisha, lakini kwa kawaida hupita kwa saa chache. Linalowaumiza watoto zaidi ni kisiwa kukatika. Boti hazivuki, dawa zilizokwisha haziletwi, umeme hakuna, maji ya kunywa yamechafuka, na hospitali iko ng'ambo ya bahari. Kimbunga Chido kilipoipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, nyumba nyingi za mabati zililala chini kwa siku moja, lakini shida ya maji, umeme na chakula iliendelea siku nyingi baadaye. Ukijiandaa kwa siku hizo za kukatika, umejiandaa kwa kimbunga.

KABLA YA KUFUNGA MIZIGO

Anza na dawa. Kama mtoto wako ana pumu, kifafa, kisukari, seli mundu, au anatumia dawa za ARV, hesabu siku za safari kisha beba dawa za mara mbili ya siku hizo. Mnakaa siku saba? Beba za siku kumi na nne. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, ndani ya mkoba unaobeba wewe mwenyewe. Usiziweke katika sanduku linalopakiwa chini ya boti. Andika kwenye karatasi jina la kila dawa na kipimo chake, maana ukimkuta muuguzi wa kisiwani naye ana wagonjwa arobaini mlangoni, kumwambia "ni zile tembe nyeupe" hakutamsaidia.

Mwenye insulini ana jambo lake. Zile chupa ambazo hazijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, na umeme ukikatika friji ni kabati tu. Lakini usikate tamaa. Insulini nyingi zikishafunguliwa huweza kukaa takriban majuma manne mahali pasipo na joto kali wala jua. Chukua chungu cha udongo, kizungushie kitambaa chenye maji, uweke insulini ndani yake ikiwa kwenye mfuko mkavu, kivulini. Wala usiigandishe kwenye barafu, ikiganda imeharibika.

Pamoja na hizo beba pakiti za ORS, tembe za zinki, parasetamoli ya watoto, dawa ya klorini ya kutibu maji, chandarua, tochi na betri za akiba, na redio ndogo. Ndiyo, redio. Simu ya mkononi hufa chaji, na mnara wa simu nao huanguka. Beba pia kile kijitabu cha kliniki cha mtoto. Nimewasikia wazazi wakisema wanakiacha nyumbani kisipotee, lakini mtoto akijikata na bati huko, muuguzi atataka kujua kama alimaliza chanjo ya pepopunda.

Na wewe mjamzito? Kama umebakiza majuma machache kujifungua, ushauri wangu ni huu: likizo ya kisiwani ingoje. Kisiwa kidogo huwa na zahanati nzuri kwa kuhara na vidonda, lakini upasuaji wa uzazi huwa ng'ambo, na bahari ikichafuka hakuna wa kukuvusha. Ikiwa uko kule tayari na tahadhari ikatolewa, ondoka mapema au ukae karibu kabisa na hospitali. Ukitokwa na damu, ukiumwa na kichwa sana huku macho yakiona ukungu, chupa ikipasuka, au mtoto akiacha kucheza tumboni, usingoje upepo utulie ndipo umwambie mtu. Sema papo hapo, ili wanaoweza kukusaidia waanze kufikiri.

Mkifika hotelini au nyumba ya wageni, kabla watoto hawajavua viatu, uliza maswali matatu. Hapa watu hukimbilia wapi upepo ukizidi? Zahanati iko wapi na hufunguliwa saa ngapi? Mgonjwa wa usiku huvushwa na nani? Mhudumu aliyezaliwa hapo kisiwani atakujibu vizuri kuliko meneja aliyeletwa mwaka jana.

KUONDOKA AU KUBAKI

Idara ya hali ya hewa hutoa tahadhari siku kadhaa kabla, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Pesa za chumba zimekwishalipwa, jua bado linawaka, bahari imetulia kama maji ya beseni, na watoto wanalia kwamba hawataki kwenda. Mama anasema, "Tungoje kesho tuone." Kesho yake feri imesimamishwa.

Kama tahadhari imetolewa na vyombo bado vinavuka salama, una nafasi ya kuondoka. Itumie mapema, hasa ukiwa na mtoto mchanga, mtoto mgonjwa au mzee. Vyombo vikishasimamishwa nafasi hiyo imekwisha, na kilichobaki ni kukaa na kujikinga. Hatari kubwa kuliko zote iko katikati, pale mtu anapokukonyeza kwamba ana mashua na anaweza kukuvusha kwa bei maalumu kabla upepo haujafika. Mkatae. Mnamo Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ikiwa na familia nyingi na watoto. Hakikuwa kimbunga. Ulikuwa upepo mkali na mawimbi tu. Sasa mashua ya mbao mbele ya kimbunga chenyewe itakuwaje? Kazini utachelewa, shuleni watoto watachelewa, na mwalimu ataelewa.

Mkiamua kubaki, angalia nyumba. Banda la makuti ufukweni ndilo linalopendwa na wageni, nalo ni zuri siku za jua. Kwenye kimbunga makuti huruka, minazi hukatika, na nazi inayopeperushwa na upepo ni jiwe. Bahari nayo hupanda, ikisukumwa na upepo, ikaingia nchi kavu mahali isipofika siku zote. Kwa hivyo hama ufukweni uende kwenye jengo la mawe au saruji lililo mahali pa juu: shule, msikiti, kanisa, au jengo kuu la hoteli. Kama wenyeji wamekwishaanza kuhama nawe unangoja tangazo rasmi, fuata wenyeji.

Jaza maji ya kunywa wakati mifereji bado inatoka. Kadiria lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, kwa siku tatu angalau. Funika vyombo vyote. Na hapa nina onyo ambalo wengi hawalitarajii: ndoo au beseni lililojaa maji ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Mtoto mdogo huzama katika maji yasiyofika goti lako, kimya kimya, wakati kila mtu anatazama dirishani. Ndoo zikae chumba chenye mlango uliofungwa.

Andika jina la mtoto na namba yako ya simu kwa kalamu ya wino mkononi mwake, chini ya kiwiko. Watoto wakubwa watacheka. Waache wacheke, uwaandike hivyo hivyo. Kisha tuma ujumbe mfupi kwa ndugu nyumbani uwaambie mko wapi na mnahamia wapi. Ujumbe hupita hata wakati simu za kupiga hazipiti, tena hautumii chaji nyingi.

UPEPO UKIWA JUU YENU

Kaeni chumba cha ndani, mbali na madirisha. Bafu au ukumbi mdogo usio na dirisha hufaa. Wavisheni watoto viatu, maana sakafu huenda ikajaa vioo. Tandikeni magodoro, na mambo yakizidi jifunikeni nayo.

Inaweza kutokea upepo unyamaze ghafla, mvua ikatike, hata jua lichungulie. Msitoke. Huenda ni jicho la kimbunga linapita juu yenu, ile sehemu ya katikati iliyotulia. Baada ya dakika chache au zaidi, upepo hurudi kwa nguvu ile ile ukitokea upande wa pili, na wanaokutwa nje wakitazama uharibifu ndio huumia. Tokeni mkisikia kutoka kwa wakuu wa mahali hapo kwamba kimepita.

Giza likiingia, watu huwasha vitu. Jiko la makaa lisiingie ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama watoto wanatetemeka kwa baridi, hata kwa kupika uji wa haraka. Makaa hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, husinzia, asiamke. Jenereta pia hutoa gesi hiyo hiyo, kwa hivyo ikae nje mbali na madirisha. Mafuta ya taa nayo yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwani mtoto mwenye kiu gizani hachagui chupa. Akiyanywa kwa bahati mbaya usimtapishe, wala usimpe maziwa ukidhani yataondoa sumu. Yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko huua. Mpeleke kwa mhudumu wa afya mara tu inapowezekana. Kwa mwanga, tochi inatosha.

Mtoto mchanga aliyelowa hupoteza joto upesi, hata huku pwani. Mvue nguo zenye maji, mpanguse, umweke kifuani pako ngozi kwa ngozi, kisha jifunikeni khanga au blanketi pamoja. Hakuna kifaa kinachoshinda kifua cha mama kwa kazi hiyo, na baba pia anacho.

Kuna swali ambalo akina mama huuliza kila tunapozungumzia majanga: je, mshtuko hukausha maziwa? Hapana, mama. Hofu inaweza kuchelewesha maziwa kutoka kwa muda, kwa sababu mwili uliojikaza hauyaachilii upesi. Lakini maziwa bado yanatengenezwa, na yataendelea kutengenezwa ikiwa mtoto ataendelea kunyonya. Wala hayaharibiki kifuani kwa sababu ya woga. Kaa mahali pamoja, vuta pumzi polepole, mwombe mtu mwingine awashike watoto wakubwa, umnyonyeshe mara kwa mara hata kama unaona hayatoki mengi. Kunyonyesha kwenyewe hukutuliza wewe na yeye. Kosa kubwa ni kumwachisha titi siku hiyo na kumpa maziwa ya kopo, halafu kesho kopo limekwisha, maji safi hakuna, na chupa haina pa kuchemshiwa. Watu wema wakija baadaye wakigawa maziwa ya unga, washukuru, lakini kama unanyonyesha, usiyaguse. Kwa yule ambaye tayari mtoto wake anatumia maziwa ya kopo, tumia kikombe badala ya chupa, kwa kuwa kikombe ni rahisi kusafisha, na maji yake yawe yamechemshwa.

Na maneno unayomwambia mtoto mkubwa? Mwambie kweli kwa kipimo chake. "Upepo ni mkali, utapiga kelele usiku, tuko mahali penye nguvu, mimi niko hapa." Usimwambie hakuna kitu ilhali anaona paa la jirani likiruka, kwani ataacha kukuamini kwa mengine. Mpe kazi ndogo, ashike tochi au amwimbie mdogo wake.

Mwenye pumu awe karibu na pampu yake ya kuvuta tangu mwanzo. Unyevu, vumbi na hofu huamsha pumu. Mtoto akivuta hewa kwa shida hadi hawezi kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, hilo ni jambo la hospitali, na hapo ndipo utakumbuka lile swali la nani huvusha wagonjwa usiku.

MAJI BAADA YA DHORUBA

Kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazidja tarehe 24 Aprili 2019, kesho yake kikaingia kaskazini mwa Msumbiji. Siku chache tu baadaye kipindupindu kikatangazwa katika mji wa Pemba. Nazungumzia Pemba ya Msumbiji, si kisiwa cha Pemba hapa jirani. Wiki chache kabla yake, Beira pia ilipata kipindupindu baada ya Kimbunga Idai. Njia ni moja kila mahali: mafuriko hufurisha vyoo, maji ya vyoo huingia visimani, na watu wenye kiu hunywa.

Kwa hivyo baada ya dhoruba, chukulia kwamba kila maji ni machafu hadi uyatibu wewe. Yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja nzima, au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na ungoje muda ulioelekezwa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Lakini kisiwani kuna tatizo la ziada. Bahari ikipanda, visima huingia maji ya chumvi, na chumvi haitoki kwa kuchemsha wala kwa klorini. Maji yakionja chumvi usimpe mtoto, usimtengenezee maziwa ya kopo, na usichanganye nayo ORS, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru badala ya kumtibu. Tafuta maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au ya chupa.

Madafu je? Baada ya dhoruba yatakuwa yametapakaa kila mahali. Dafu lisilopasuka lina maji safi, na mtoto aliyepita miezi sita anaweza kuyanywa. Ila lisichukue nafasi ya ORS kwa mtoto anayehara, kwani lina chumvi kidogo kuliko anayohitaji.

Mtoto akianza kuhara, mpe ORS baada ya kila choo chepesi. Aliye chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe, aliyezidi hapo nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi uendelee polepole zaidi. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, maana zipo za nusu lita na za lita moja, na kuzikosea ni rahisi usiku. Pakiti zikiisha, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, visiwe na mlima. Onja. Yasizidi machozi kwa chumvi. Ongeza tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma: miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi sita, 20 kwa mkubwa zaidi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

Macho yakizama ndani, akilia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, akiwa mlegevu au hawezi kunywa, au choo kina damu, hapo usikae naye. Choo kama maji ya mchele kinachotoka kwa wingi ni dalili ya kipindupindu. Mpeleke upesi, ukimpa ORS njiani.

Chakula cha friji kilichokaa bila umeme zaidi ya saa nne, hasa samaki, nyama na maziwa, kitupe. Najua kamba wale walikuwa ghali.

Watoto wasitembee kwenye maji yaliyotuama. Chini yake kuna misumari, mabati, na nyaya za umeme zilizoanguka. Waya ulioanguka usiguswe hata kama taa zote za kisiwa zimezimika, maana umeme huweza kurudishwa wakati wowote. Jeraha lolote lioshwe kwa sabuni na maji yaliyotibiwa, kisha mwenye jeraha la ndani aende zahanati kuulizia sindano ya pepopunda. Bahari nayo ina mawimbi na mikondo kwa siku kadhaa baada ya anga kusafika. Kuogelea kungoje.

MKISHARUDI NYUMBANI

Mmefika Nairobi au Kisumu, nguo zinakauka, watoto wanasimulia shuleni. Juma la pili mtoto anapata homa. Usiseme ni mafua ya safari. Mbu huzaliana kwenye madimbwi baada ya mvua, na malaria huchukua siku saba hadi mwezi mmoja kujitokeza, wakati mwingine zaidi. Mpeleke akapimwe, na umwambie daktari waziwazi kwamba mlikuwa kisiwani na kulikuwa na dhoruba. Homa ya dengi nayo huletwa na mbu wanaouma mchana, wale ambao chandarua cha usiku hakiwazuii. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupimwa mpe parasetamoli peke yake. Aspirini na ibuprofeni zinaweza kumletea kutokwa na damu kama ni dengi.

Huenda pia mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena. Huenda akakataa kulala peke yake, au akalia kila upepo unapotikisa mabati. Usimchape wala kumcheka mbele ya wenzake. Mrudishie ratiba yake ya kawaida, mwache aeleze au achore alichokiona mara nyingi anavyotaka, na ulale naye karibu siku za mwanzo. Kwa watoto wengi hali hiyo hupungua baada ya majuma machache. Ikipita mwezi bado hali vizuri, halali, au hataki kucheza na wenzake, mwone mhudumu wa afya. Na wewe mama uliyewabeba wote usiku ule, ukiona unashtuka usiku au unalia bila sababu, nenda naye mkaonwe wote wawili.

Kipindi kijacho, siku na saa kama hii, tutazungumzia chanjo ya surua na kwa nini mtoto huchanjwa mara mbili. Kwaheri kwa sasa.